Kura za maoni na pampu ya msikiti



Kijana mmoja anayefuatilia darsa zetu hapa kaniandikia: "Sheikh, mbona kila zikifika kura za maoni unazifuatilia hivyo? Imamu na siasa wapi na wapi?" Kauliza kwa adabu, na najua si yeye peke yake mwenye swali hilo, kwa hiyo nitamjibu hapa hadharani.

Kwanza tuelewane, mdogo wangu. Sina kadi ya chama chochote, na mimbari yetu haitangazi mgombea. Lakini kufuatilia si kupiga debe. Sisi tukienda kununua mbuzi wa Idi tunamtazama meno, tunamshika mgongo, tunamtembeza tuone kama anachechemea. Akija mtu anayeomba akabidhiwe nchi nzima miaka mitano, ndipo tunasema hayo ni mambo ya wanasiasa?

Sheria zetu za Tanzania hazina mgombea binafsi. Kuanzia urais mpaka uenyekiti wa kitongoji, lazima mtu adhaminiwe na chama. Maana yake, siku unayosimama kwenye foleni na kitambulisho chako mkononi, kazi kubwa imeshafanyika. Unachagua katika waliobakizwa. Nao wamebakizwa na nani? Na wajumbe wa vikao vya vyama. Na wajumbe hao si watu wa mbali. Ni mama anayetuuzia vitumbua, ni mwalimu mstaafu, ni yule anayesimama kulia kwako katika safu ya Magharibi.

Nikiwa kijana, mwaka 1995, CCM ilikuwa ikimtafuta mtu wa kumrithi Mzee Mwinyi. Duru ya kwanza aliongoza Kikwete. Ya pili akashinda Mkapa, kura 686 kwa 639. Piga hesabu: tofauti ni kura 47. Watu 47 hawafiki safu tatu za msikiti wetu, na nchi ikaongozwa miaka kumi kwa uzito wao. Tangu siku hiyo sijawahi kuziona kura za maoni kuwa jambo dogo.

Kisha mwaka 2015. Waliochukua fomu za urais ndani ya CCM walikuwa 42! Vijiweni watu wakataniana kwamba aliyebaki bila fomu ni muuza kahawa. Waombaji wakazunguka mikoani kutafuta wadhamini, na kila kijiwe kikawa na mtu wake. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Julai Mkutano Mkuu pale Dodoma ukampa Magufuli kura 2,104, Balozi Amina Salum Ali 253 na Dkt. Asha-Rose Migiro 59. Lowassa, ambaye jina lake lilikuwa halikosi katika mazungumzo ya barazani, hakuingia hata katika wale watano. Kabla ya Julai kuisha alikuwa Chadema, na Oktoba akasimama kwa niaba ya UKAWA. Aliyeamka Oktoba alikuta mambo yameshapikwa na kupakuliwa. Alichobakiwa nacho ni kuchagua sahani.

Sasa utaniuliza, dini inaingia wapi? Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa na akajua anaondoka, aliliacha jambo la ukhalifa kwa watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf. Huyu Abdurrahman akajitoa mwenyewe katika kinyang'anyiro, ndipo akakubaliwa awe msimamizi wa kuchagua kati ya waliobaki. Siku tatu hakulala usingizi wa maana. Ibn Kathir anaeleza katika Al-Bidaya wan-Nihaya kwamba aliwauliza watu wakubwa na wadogo, mpaka wanawake ndani ya stara zao, mpaka watoto vyuoni, mpaka wasafiri waliokuwa wakiingia Madina. Sisemi Madina kulikuwa na kura za maoni, msinielewe vibaya. Nasema mtu aliyekabidhiwa kuchuja majina aliyachuja kwa kukosa usingizi na kwa kuuliza watu. Linganisha na mjumbe wa siku hizi anayelala usingizi mzito gesti aliyolipiwa na mgombea.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, kwamba mgombea akiwakirimu watu kwa nia njema si rushwa. Neno zuri la Kiarabu la ukarimu likavishwa kanzu isiyo yake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo, ikasema vinakwenda kinyume na Katiba. Karatasini takrima imekufa. Mitaani bado anatembea mzimu wake, tena nyakati za usiku.

Kwetu alikuja na pampu. Mwenye kutaka udiwani, mtu wa watu, anayetoa salamu vizuri, alitutumia ujumbe wiki tatu kabla ya kura za maoni za chama chake: angependa kutununulia pampu ya kisima cha msikiti, aje kuikabidhi Ijumaa, na kabla ya khutba apewe dakika mbili za kuwasalimia waumini. Na kweli pampu ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wakitawadha kwa madumu, wazee wakibeba ndoo.

Kamati iligawanyika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Imamu, maji ni maji. Nia tumwachie Mola wake." Si hoja ya kupuuzwa hiyo, hasa ukimwona anayeisema ameshika kopo la maji kwa mkono unaotetemeka. Lakini nilimkumbusha habari ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili, hili lenu, hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Nikamwambia mzee: kipimo ni hicho hicho. Kisima hiki kimeharibika miezi minane. Ndugu huyu anapita hapa kila siku. Kwa nini sadaka imeiva wiki tatu kabla ya kura?

Nilimpelekea jibu kwa heshima. Ailete pampu baada ya uchaguzi, awe ameshinda au ameshindwa, tutaipokea na tutamwombea dua. Hajaileta. Pampu tuliinunua kwa michango ya Ijumaa, ikatuchukua miezi minne, na katika miezi hiyo waumini wawili walihamia msikiti wa jirani wenye maji. Mmoja bado hajarudi, na tukikutana sokoni salamu yake ni fupi.

Wajumbe nao nawaambia, kwa kuwa wengine mnasoma hapa. Mtume (s.a.w.) amewataja watu watatu ambao Allah hatazungumza nao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu, akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi. Fungua Bukhari uisome mwenyewe kabla hujafungua bahasha.

Kuna wanaoniuliza swali moja tu kuhusu kila mgombea: ni wa dini gani? Qurani katika Suratun-Nisaa aya ya 135 imetuamuru kusimama na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Muislamu mwizi hatuhitaji kumchagua ili ibada zetu zitimie. Nimelimaliza hilo.

Sasa tuje chini, mtaani, ambako wengi hamfiki kabisa. Urais mnaujua mpaka idadi ya magari ya msafara. Mwenyekiti wa mtaa, anayekuandikia barua ya dhamana na ya benki, hamumjui jina. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura ikapigwa 27 Novemba. Baada ya swala nilikuwa nawauliza vijana kama wamejiandikisha, wananionyesha kitambulisho cha mpiga kura. Nikawa naeleza kila siku: hilo ni daftari la kudumu, la Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake. Waliosikiliza wakaenda.

Utasema: mwaka 2019 sehemu nyingi watu walipita bila kupingwa, sasa nihangaike na nini? Ni kweli, na inaumiza. Lakini aliyepita bila kupingwa bado anatakiwa kuitisha mkutano na kusoma mapato na matumizi mbele ya watu. Humo ndimo yanamotangazwa mambo kama ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kina mama wa darsa letu la Jumamosi waliipata habari yake muda wa kuomba ukiwa umepita, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu aliyehudhuria mkutano ule. Ulifanyika umbali wa nyumba sita kutoka msikitini.

Mkutano ujao wameshakubaliana watakwenda kumi na wawili, na swali lao wameliandika kwenye daftari. Mwenyekiti wa kikundi ameniomba nilisahihishe. Nimelisoma, halihitaji kusahihishwa.

Wallahu a'lam.