Njia ya Kasongo Mpaka Kabambare

Ukisikia kwamba katika nchi zingine watu wanatoa pesa ili waendeshe motokari kwenye njia mbaya za msituni, kwa furaha tu, usicheke. Sisi njia hizo tunazo bure. Toka Kasongo, shika upande wa mashariki mpaka Kabambare. Ni zaidi ya kilomita 100.

Utapita katikati ya majani marefu, kisha utashuka kwenye msitu wa kando ya mto, pale miti inafunika njia na baridi inakupiga. Ukipanda tena, utaona michikichi, mashamba ya muhogo na vilima vya mbali. Uzuri huo si wa kupita mbio.

Njia hii ni ya zamani. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita huku kutoka Ujiji. Livingstone alikwama Kabambare tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, kwanza sababu ya vidonda vya miguu. Hakuwa na gurudumu hata moja, na njia ilimshinda vilevile.

Wewe kijana unayepewa usukani, shika haya. Kwanza uliza habari za mbele kwa wale wanaotoka huko. Mvua ikinyesha, ngoja njia ikauke. Kwenye potopoto, shuka, pima kwa fimbo, kisha pita na gia ya kwanza, polepole, bila kusimama. Kwenye daraja ya miti, abiria washuke wote, nawe uikague kwa miguu.

Lakini neno kubwa ni hili: ukitoka kwenye shimo, usikimbie. Tairi lako limelichimba, mvua italijaza, na kesho litamngoja mtu wa kinga mwenye madumu ya mawese, ama mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali kwa pikipiki. Wakati wa Wabelgiji, wakantonye walipewa kila mmoja kipande chake cha barabara, wakifukua mifereji. Walijua kwamba maji ndiyo adui ya barabara.

Basi weka jembe ndani ya motokari. Toboa mfereji maji yatoke, jaza mawe, ndipo uende. Ni kazi ya nusu saa. Yule mama hatajua jina lako, lakini atafika.