Taa Imeingia Maji: Birmingham na Segerea

Jioni ya Aprili, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu na foleni imesimama kutoka Tabata kuelekea Kinyerezi, tazama taa za nyuma za magari yaliyo mbele yako. Pale Segerea, Dar es Salaam, utaona moja imejaa ukungu. Nyingine ina matone yaliyonata ndani ya kioo. Ya tatu ina maji kabisa, kimo cha vidole viwili, yanayumba kushoto na kulia kila gari linapoingia shimoni, na dereva akikanyaga breki yanageuka mekundu. Nimeishi Birmingham, Uingereza, miaka mingi sasa, nchi ambayo mvua haichagui mwezi, lakini sijakutana na taa yenye maji kiasi kile barabarani. Si kwamba taa za kule haziingii maji. Zinaingia sana. Kinachotofautiana ni hatua zinazofuata, na nikizilinganisha naona huku na kule tunairuka hatua moja ileile.

Kwanza maji yenyewe yanapitia wapi. Balbu ya breki ni ya wati 21, na sehemu kubwa ya umeme inaoula inatoka kama joto. Taa ikiwaka, hewa iliyomo ndani inapata moto, inatanuka na sehemu yake inatoka. Mvua ikiipiga taa hiyo, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na taa inavuta kutoka nje. Kama kuna ufa, hata usioonekana kwa macho, inachovuta ni maji. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huiachia taa kitundu cha kupumulia, aghalabu kimetazama chini au kimezibwa kwa utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Kwa hiyo ukungu mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya taa kuwashwa kwa muda si ugonjwa. Ugonjwa ni matone yasiyokauka, na dimbwi.

Sasa chukua taa hiyo uilete Dar. Gari limezaliwa Japani, limekaguliwa kule kwa utaratibu wa shaken, mara ya kwanza likiwa na miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, mpaka mwenyewe akaona ukaguzi na kodi vinamshinda, akaliuza. Linashuka bandarini kwetu likiwa na umri wa kumaliza shule ya msingi. Raba inayokaa kati ya taa na bodi imeshaanza kukauka. Hapo ndipo linapokutana na jua letu, vumbi la mitaa ya ndani ambayo haijaona lami, na mashimo yanayoitikisa taa kutwa nzima. Linakutana pia na waosha magari na mashine zao za presha. Hawa nawataja makusudi, kwa sababu watu wengi huilaumu mvua. Mvua inadondoka kutoka juu na kuteleza, lakini bomba la presha likisogezwa karibu na ukingo wa taa linayasukuma maji ndani ya raba ambayo ingeistahimili masika nzima.

Kuna jambo jingine ambalo Birmingham sijaliona. Kwetu taa huibwa. Watu huchora namba ya gari juu ya kioo cha taa, na wengine huongeza skrubu ili mwizi ashindwe kuing'oa. Kila skrubu ya ziada ni tundu jipya lililotobolewa kwenye plastiki, na mara nyingi aliyetoboa hakuweka raba yoyote chini ya kichwa cha skrubu. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Aliyewahi kuamka asubuhi akakuta nafasi tupu mahali pa taa hawezi kuambiwa asitoboe.

Taa ya kushoto ya gari langu ilipoanza kukusanya maji, nilikwenda gereji ya mtaani kwetu Birmingham. Fundi aliimulika kwa tochi, akaingiza namba ya gari kwenye kompyuta, akanitajia bei ya taa nzima na bei ya saa ya kazi. Nikamuuliza kama inaweza kuzibwa. Akanijibu kwa upole kwamba wao hawazibi taa, wanabadilisha. Sababu zake zina uzito. Saa moja ya fundi kule ni ghali kiasi kwamba kuketi na kutafuta ufa kunaweza kukaribia bei ya taa yenyewe. Kazi aliyoifanya lazima aitolee dhamana, na taa aliyoibandika kwa gundi hawezi kuitolea. Isitoshe taa za Ulaya hupitishwa kwa kanuni. Zina alama ya herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoziidhinisha, 1 kwa Ujerumani, 11 kwa Uingereza. Ukishaifumua na kuifunga upya, hakuna anayejua kama bado ni taa ile iliyoidhinishwa. Halafu kuna ukaguzi wa kila mwaka, MOT, unaoanza gari likifikisha miaka 3, na taa ya breki isiyowaka inaliangusha gari siku hiyohiyo. Ukaguzi wenyewe hauruhusiwi kuzidi pauni 54.85 kwa gari dogo. Kinachouma ni taa. Kwenye magari mapya yasiyo na balbu, ambayo taa yote ni kipande kimoja cha LED, bei inakwenda mamia ya pauni.

Basi taa ya zamani inatupwa, mpya inafungwa, mteja anaondoka na risiti. Hakuna aliyeuliza maji yalipitia wapi. Kama bodi iliwahi kugongwa ikabonyea kidogo pale raba inapokalia, taa mpya imefungwa juu ya bonyeo lilelile, na maji yataendelea kuteremka nyuma yake mpaka kwenye buti, chini ya zulia, yakajaa kwenye shimo la tairi la spea. Wanaotafuta tundu kwa dhati kule ni watu wanaojitengenezea wenyewe nje ya nyumba zao, hasa wazee wastaafu wenye muda na zana. Jirani yangu mmoja ni wa namna hiyo. Alimfungia mkewe ndani ya buti na tochi huku yeye akimwaga maji kwa mpira wa bustani, na mkewe ndiye aliyepiga kelele kuonyesha yanapoingilia. Walicheka sana, na taa yao haijaingia maji tena.

Segerea nilikwenda na gari la kaka yangu. Alikuwa akilalamika kwamba akikanyaga breki, indiketa ya kushoto nayo inawaka hafifu. Gereji yenyewe ni uwanja wazi chini ya mwarobaini, si mbali na barabara, fundi umeme upande mmoja na fundi pancha upande mwingine, na vijana wawili wanaojifunza. Fundi umeme alisikiliza malalamiko, akasema kabla hata hajafungua buti, "Hiyo ethi imekufa, dada." Akatoa nati kwa spana namba 10, akaivuta taa, maji yakamwagika mchangani. Ndani, holda ya balbu ilikuwa imeota kutu ya kijani. Umeme wa breki ulipokosa njia ya kurudi, yaani ethi, ukajipitishia kwenye indiketa, ndiyo maana ilikuwa ikiwaka bila kuitwa. Bamba dogo la shaba lilikuwa limeliwa mpaka limekatika. Fundi akachagua holda nyingine kwenye kopo la vyuma chakavu, akachomoa bamba lake, akalikunja kwa koleo, akalilaza mahali pa lile lililokufa, akalichomea kwa risasi, akasugua msasa na kupitisha waya mpya wa ethi mpaka kwenye bodi. Kazi ile kwa macho yangu ni ya hali ya juu. Birmingham hakuna gereji ambayo ingeigusa; wangeagiza taa, na kama holda haiuzwi peke yake wangeagiza na waya zake.

Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye petroli ili aifute taa kabla ya kuipiga silikoni. Hapo nilimwomba asubiri.

Petroli na tina ni adui wa kioo cha taa. Kinaitwa kioo lakini ni plastiki ya akriliki, na akriliki ikiguswa na vitu hivyo huweza kufanya nyufa ndogondogo, hasa pembeni palipokwisha kuchoka. Maji ya sabuni yanatosha. Silikoni nayo ina aina zake. Ile inayonuka siki, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya madirisha ya alumini, inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula shaba. Unaweza kuziba maji leo na kuiozesha holda mpya kwa mkono wako. Ipo silikoni isiyo na harufu ya siki, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Lakini kikubwa zaidi ni kwamba taa ile ilikuwa imeshapigwa silikoni. Ukingoni mlikuwa na tabaka za masika yaliyopita, moja nyeupe, moja nyeusi, na kitundu cha kupumulia kilikuwa kimezibwa pamoja na kila kitu. Taa isiyopumua huvuta kwa nguvu zaidi pale palipo dhaifu. Kwa hiyo kila mwaka mtu alilipa ili tatizo lizidi.

Hatua chache kutoka pale tulipokaa, fundi pancha alikuwa ameinama juu ya beseni lake. Alijaza tyubu upepo, akaizamisha kipande kwa kipande, akaona mapovu, akaweka alama kwa chaki. Huyu habandiki kiraka kabla hajaliona tundu, na hakuna mteja anayemwambia aache kupima abandike tu. Tuliliomba beseni lake. Tulizibua kitundu cha kupumulia, tukafunga matundu ya balbu kwa utepe isipokuwa moja, tukaingiza mpira wa pampu kwenye hilo moja na kulizungushia kitambaa, kijana akapiga upepo taratibu. Taratibu ni muhimu, presha kubwa itaipasua taa. Kwenye kitundu cha kupumulia mapovu yalitoka, kama yanavyopaswa. Ukingo mzima uliopakwa silikoni haukutoa hata povu moja. Yalitoka kwenye skrubu ya kuzuia wezi, pembe ya juu, mfululizo mwembamba.

Fundi umeme aliangalia kwa muda. Akachukua skrubu, akaikatia washa kutoka kwenye kipande cha tyubu ya fundi pancha, akaipaka silikoni kidogo, akaikaza. Tulipoirudisha taa majini, pembe ile ilikaa kimya. Nilimuuliza kwa nini hafanyi hivi siku zote, maana beseni liko palepale. Alinijibu bila kinyongo: "Wateja hawasubiri, dada. Ukimwambia unaipima anaona unamzungusha ule hela yake. Akiona silikoni imepakwa, anajua kazi imefanyika."

Ninalifikiria jibu lile kila ninaposikia watu wa ughaibuni wakisema mafundi wa nyumbani wanalipua kazi. Birmingham nililipia taa, Segerea kaka yangu amekuwa akilipia silikoni. Sote wawili tulilipia kitu cha kuonekana, na hakuna aliyetenga hata shilingi kwa ajili ya kutafuta tundu. Tofauti ni kwamba Birmingham hali hiyo haibadiliki kirahisi, kwa sababu saa ya fundi ni ghali na sheria ya dhamana inambana. Segerea inaweza kubadilika kesho asubuhi. Mikono ipo, beseni lipo, na muda wa fundi bado mtu wa kawaida anaumudu. Mteja aseme tu tangu mwanzo kwamba anataka taa ipimwe kabla ya kuzibwa, na kwamba nusu saa ya kupima ataitia kwenye hesabu. Kaka yangu aliitia, na fundi alishangaa.

Suala hili silichukulii kama la urembo wa gari. Usiku, mvua ikinyesha, kwenye vipande vya barabara visivyo na taa, mwendesha bodaboda aliye nyuma yako hana kingine cha kumwambia kwamba unasimama zaidi ya taa mbili nyekundu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai taa hizo, na trafiki akikukamata faini ni shilingi 30,000. Aliye nyuma yako hana bumpa, na mara nyingi amebeba abiria.

Tunaotuma mizigo kwenye makontena tuna la kufanya pia. Ndugu wakituomba taa, tunatafuta taa ya mtumba, tunailipia usafiri, inafika na raba iliyochoka kama ile iliyotolewa. Gerezani, Kariakoo, taa za mtumba za magari ya Kijapani zimejaa, na namba iliyochapwa kwenye kioo karibu na jina la Koito, Stanley au Ichikoh inatosha kumpatia muuzaji taa inayolingana. Kisichopatikana kirahisi ni raba mpya ya nyuma ya taa, ambayo kwa magari mengi inauzwa peke yake, na utepe wa butaili, ule mweusi unaonata usiokauka, unaokaa vizuri kati ya taa na bodi na kung'oka bila kuvunja kitu siku fundi akihitaji kubadilisha balbu. Roli moja inaenea mfukoni. Kwenye mzigo wangu ujao nimeweka kadhaa, za fundi umeme wa pale chini ya mwarobaini, na pampu ndogo ya mkono yenye saa ya presha, ili yule kijana asiwe anakisia.