Nyosha Uzi Kabla ya Kubeba Mtu

Kitale,
Jumapili jioni

Mpwa wangu mpenzi,

Mahindi yameshabeba, mkazamjomba wako hajambo, na goti langu limetulia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema pikipiki inavuta kushoto, kwamba ili iende moja kwa moja lazima usukani uushike ukiwa umepinda kidogo, na tairi ya nyuma imelika upande mmoja ilhali haijafikisha miezi minne. Halafu ukamalizia kwamba umeshaizoea. Neno hilo la mwisho ndilo limenikalisha hapa na kalamu. Usiizoee.

Gurudumu la nyuma likikaa kombo linasukuma kwenda kwake, la mbele linavuta kwenda kwake, na wewe katikati unasuluhisha kutwa nzima kwa mabega. Tairi ndiyo inayolipa kwanza, kisha cheni na meno ya sproketi, kisha beringi. Hizo ni pesa, na pikipiki ya mkopo haikusamehe siku uliyolala kwa fundi. Ila mimi naogopa lile jingine. Unateremka kutoka Cheptais, mvua imenyesha, nyuma yako kuna mama na mtoto, unakanyaga breki, na gurudumu lililokuwa likitafuta kando tangu asubuhi linaipata.

Mwaka 2011 yalinipata mimi. Jioni moja nilikaza cheni giza likiingia, nikazungusha ajasta ya upande mmoja tu kwa kuwa ile ya pili ilikuwa imeshika kutu. Kesho yake, njia ya Kamukuywa kwenda Kimilili, nimembeba mama mmoja na gunia lake la vitunguu, cheni iliruka kutoka kwenye meno ikajikaba kati ya sproketi na rimu. Gurudumu likafunga palepale. Tuliburuzika hadi mtaroni, na mama yule akavunjika mkono. Nilimpeleka hospitali, nikalipa, akanisamehe. Mpaka leo nikifika pale napunguza mwendo. Kosa lilikuwa langu, la dakika tano za haraka.

Sisi wa boda wa zamani tulianzia kwenye baiskeli. Unajua jina la boda lilizaliwa Busia, vijana wakivusha watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, mpakani kama hapo kwenu. Baiskeli ya Black Mamba uliinyosha kwa jicho: unaipindua chini juu, unazungusha gurudumu, unatazama lisiguse chuma huku wala huku. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo tukahamia huko na jicho letu lilelile, na hatukupata wa kutuambia kwamba jicho halitoshi. Mambo haya nimeyajifunza baada ya ule mkono kuvunjika.

Basi kwanza ziangalie zile alama zilizochongwa kwenye mikono miwili inayoshika ekseli ya nyuma. Kila fundi wa barabarani anakwambia hesabu alama, kushoto nne, kulia nne, umemaliza. Mimi siziamini. Hupigwa kiwandani kwa haraka, na mkono ukipinda kidogo siku ya kuanguka alama zinabaki palepale zikikuonyesha uongo. Nimepima pikipiki ambayo alama zilikuwa sawasawa kabisa, na gurudumu limekaa kombo waziwazi. Zitumie kuanzia kazi, usizitumie kuimaliza.

Kamata gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, juu na chini, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi zimekwisha, na kupima ni kazi bure mpaka uzibadilishe. Lizungushe uone kama rimu inayumba. Spoki zilizolegea zitakupa kipimo tofauti kila ukizungusha. Jaza upepo. Hayo yakiwa sawa, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Sakafu ya baraza la mama yako inafaa.

Chukua uzi wa waashi, ule wanaopangia matofali, kama mita sita. Katikati yake uzungushie nyuma ya tairi ya nyuma, chini ya usawa wa ekseli, juu kadiri stendi na ekzosi zitakavyokuruhusu. Ncha mbili zilete mbele, moja kila upande, zipite gurudumu la mbele, uzifunge kwenye viti viwili au matofali. Zisiguse stendi wala kikanyagio, maana uzi ukigusa kitu njiani umepinda, na uzi uliopinda hauna ushahidi. Sasa sogeza viti ndani polepole. Uzi utakuwa unagusa ukingo wa nyuma wa tairi ya nyuma. Unangoja mahali uzi unapoanza tu kugusa na ukingo wa mbele wa tairi hiyo. Hapo simama. Ukizidisha hata kidogo, uzi unaanza kukunjwa na tairi. Piga magoti, uweke jicho usawa wa uzi, utauona mwanga mwembamba ukitoweka. Mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko kazi nyingine yote.

Nenda mbele. Nyosha usukani mpaka nafasi kati ya uzi na tairi ya mbele iwe ileile kwenye ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Kisha pima kwa rula: kushoto ngapi, kulia ngapi. Soma ubavuni mwa tairi zako. Nyingi za pikipiki zenu ni 2.75 mbele na 3.00 nyuma. Tofauti ni robo inchi, milimita 6 na kidogo, ukigawa mara mbili ni kama milimita 3 kila upande. Usiishike hiyo 3 kama sheria, kwa sababu tairi za kampuni mbalimbali hazilingani unene. Unachotafuta ni kushoto na kulia zilingane.

Kama nafasi ya kushoto ni kubwa, gurudumu la nyuma linatazama kushoto. Legeza nati ya ekseli, halafu upande wa kulia wa ekseli uvute nyuma, au wa kushoto uuachie uende mbele. Uchague kipi? Cheni ndiyo itakayokwambia: ikiwa imelegea vuta, ikiwa imekaza achia. Nenda robo mzunguko wa ajasta, si zaidi, kisha rudi kwenye uzi. Kwenye pikipiki kama yako ekseli ni fupi na tairi ya mbele iko mbali zaidi ya mita moja, kwa hiyo kosa la milimita 1 nyuma linaonekana mbele kama milimita 5 au 6. Ndiyo maana nasema robo.

Cheni nayo ibaki na mlegeo wake, milimita 20 hadi 30 katikati kwa pikipiki nyingi za kazi. Kitabu cha yako kikisema vingine, fuata kitabu. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni iliyochakaa hukaza hapa ikalegea pale. Wenzako wengi hapo stejini huikaza kama waya wa simu wakidhani ndiyo nguvu. Ukibeba watu wawili shoksi zinashuka na cheni inakaza yenyewe. Ikiwa haikuachiwa nafasi, itang'oa beringi.

Ukishakaza nati ya ekseli, pima tena, hata kama umechoka. Nati ikikazwa huisogeza ekseli, na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Rudisha kotapini, mpya ikiwezekana. Kisha angalia breki ya nyuma: gurudumu likisogea, fimbo ya breki hubadilika mvuto, kwa hiyo rekebisha nati yake mpaka gurudumu lizunguke bila kushikwa na pedeli ishike mapema. Nenda hatua mia moja peke yako kabla ya kumbeba yeyote.

Ikiwa umesogeza ajasta na bado gurudumu la mbele halikai katikati ya nyuzi, hapo si ajasta. Uliwahi kuanguka karibu na daraja, kwa hiyo foku inaweza kuwa imejipinda kwenye vishikio vyake, na hiyo fundi huilegeza, huinyosha, huikaza. Ikiwa ni fremu, usikubali mtu aigonge nyundo mbele yako. Ilete Kitale, tutaitazama pamoja.

Agosti 2018, ulipoingia jandoni, nilikuvisha luliki, ule ukanda wa nyama, shingoni, na tangu siku ile sina neno la kukupa la kupita tu. Uzi nimempa mama yako, atakuwa huko Jumatano, na rula ya chuma ndani ya mfuko uleule. Usipande kwenda Cheptais kabla ya hapo. Fanya kazi za sokoni tu, polepole. Alhamisi jioni nipigie uniambie kushoto umepata milimita ngapi na kulia ngapi.

Mjomba wako