Daftari la Kolwezi: Vidonge 24

Jumatatu, 24 Februari 2025

Bosi kapiga simu kutoka Dar hata chai sijamaliza. Serikali ya Congo imesimamisha kobalti isitoke nje kwa miezi minne, hesabu inaanza Jumamosi tarehe 22. Kobalti imezagaa duniani, bei imeanguka, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inatoka nchi hii. Wenye mali wameamua kufunga bomba. Malori ya shaba yataendelea kutoka. Yaliyokwisha kupakia kobalti yalale yadi mpaka ieleweke. "Na wewe ubaki uyahesabu," kasema. Nilikuja tarehe 20 Januari kwa wiki nane. Leo hakuna anayetaja wiki.

Nilibeba vidonge 60, siku nne za ziada, nikajiona mwerevu. Usiku nimevimwaga kitandani nikavihesabu kama ninavyohesabu magunia. Vimebaki 24. Sertraline, miligramu 50, kimoja kwa siku. Mwisho wake 20 Machi.

Kazini hajui mtu. Madereva ndio kabisa wasijue. Dereva akijua jambo Kolwezi, lori halijafika Likasi na Tunduma wameshasikia. Na kwetu ukisema unameza dawa ya akili, mtu hakuulizi inaitwaje. Anakutajia hospitali ya Mirembe tu, kisha anakaa mbali kidogo na wewe kwenye benchi.

Alhamisi, 27 Februari

Maduka ya dawa hapa ni mengi kama vibanda vya simu. Msalaba wa kijani, kaunta ya kioo, nyuma yake dawa za malaria, za minyoo, za kikohozi. Nimeingia la karibu na nyumba ya wageni.

"Jambo yenu, mama."

"Jambo, papa. Una sertraline?"

"Ile ni ya nini?"

Nikakwama. Tanga natoa cheti, napewa boksi, naondoka. Miaka minne sijawahi kuulizwa kaunta ni ya nini. Nikasema: ya sonona.

"Sonona njo nini?"

Neno lenyewe nililisikia mara ya kwanza hospitali nikiwa na miaka 31. Mama yangu mpaka leo hulikwepa, husema "ile hali yako". Nikajaribu kulifafanua: huzuni ambayo haina sababu na haiishi. Yule bwana akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mama, kuko mutu alikufa?" Hapana, hakufa mtu. "Bwana alikuacha?" Sina bwana. Akafikiri. "Basi ni mawazo mingi." Akafungua droo akanitolea diazepam, vidonge kumi vimekatwa kutoka kwenye karatasi ndefu, bila boksi wala jina la kiwanda. Ya kulala.

Nimemshukuru, sijachukua. Diazepam naijua. Inakulaza kweli, na ukiizoea ndiyo inakushika mkono kukurudisha dukani. Ndiyo maana imewekwa katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Yangu haimo. Lakini yake ipo kwenye droo, yangu haipo.

Mawazo mingi. Nimeliandika ili nisilisahau.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Kidonge nimekihamishia daku. Mama kapiga simu wakati wa kufuturu kwao. Huku bado jua liko juu kidogo, saa zetu ziko nyuma kwa saa moja. Kauliza kama nakula vizuri. Nakula bukari na sombe, nimemwambia. Kacheka, kwake ni ugali na kisamvu vile vile.

Mdogo wangu atanunua vidonge 90 na kumpa dereva anayepanda wiki ijayo. Nimemwandikia masharti: boksi lisifunguliwe, cheti kiwe ndani, jina kwenye cheti lifanane na la pasipoti yangu. Zambia si ya kuchezea kwa dawa. Waliwahi kushikwa Wamarekani pale kwa kubeba dawa ya mzio yenye diphenhydramine, kitu ambacho kwao kinauzwa na sabuni. Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 2,000, na foleni ya mpakani Kasumbalesa haina kalenda.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Mji mzima vitenge vipya, vikundi kwa vikundi, mishono sare. Mimi kwa suruali yangu ya yadi nimeonekana kama niliyefukuzwa kwenye harusi.

Nimezunguka maduka sita, Dilala na Manika. Safari hii nimebadili njia: jina nimeliandika kwenye karatasi, herufi kubwa, jina la dawa yenyewe na si la kiwanda, maana majina ya viwanda hubadilika kila ukivuka mpaka. Wa kwanza kasoma, katikisa kichwa. Wa pili kanipa tramadol, kasema inaondoa kila kitu. Inaondoa maumivu, papa, na ukiichanganya na hii yangu inaweza kukuondoa mwenyewe. Sikumwambia. Wa tatu na wa nne, haiko. Wa tano kaniuliza kama ni ya kuzuia mimba.

Wa sita ni mzee, miwani imefungwa uzi. Kasoma karatasi, kavua miwani, kanitazama, kavaa tena.

"Iko ndugu yake," kasema. "Amitriptyline. Lakini sikupatie."

Kumbe alikuwa muuguzi katika hospitali ya Gécamines, enzi kampuni hiyo ya madini ililisha, ikasomesha na kutibu mji wote. Mwaka 2003 walipoanza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa kile walichoita kuondoka kwa hiari, naye akaondoka, akafungua duka. "Mwaka ule batu ba Gécamines baliumwa mawazo mingi. Njo mwaka ule nilisikia jina ya hii dawa kila siku." Amitriptyline ni ya zamani, ya miaka ya sitini, inakausha mdomo, inakulaza, na ukizidisha inaupiga moyo. Na yangu, kasema, ni baba mumoja, mama tofauti: hazibadilishwi kidonge kwa kidonge, daktari lazima awepo. Nimesimama pale nikiwa karibu kulia, si kwa huzuni. Mtu wa kwanza katika wiki mbili kuninyima dawa kwa sababu sahihi.

Kisha akatoa daftari. Kila dawa anayoulizwa na hana, huandika. Akiona jina linarudi, huliagiza. "Andika hapa mu kaye, mama." Nimeandika SERTRALINE 50. Akachora mstari mmoja mbele yake.

"Lakini usingojee kaye. Enda Lushi, kwa bafreri."

Jumapili, 9 Machi

Vimebaki 12. Kuanzia daku ya leo nakata nusu kwa kisu cha jikoni. Hakuna aliyenishauri. Najua ni makosa na nimefanya.

Jumatano, 12 Machi

Wahandisi wawili mezani wakibishana kuhusu betri za magari: kobalti itaachwa, lithiamu haiachwi. Nikanyamaza. Lithiamu hiyo hiyo ni dawa. Daktari mmoja wa Australia, John Cade, aliandika mwaka 1949 kwamba inawatuliza wagonjwa wenye wazimu wa kupanda, na mpaka leo inatumika kwa wale ambao hali yao hupanda na kushuka. Chini ya ardhi ya Manono, kaskazini kwetu huku, imelala nyingi ajabu. Mimi si yangu, siinywi. Ila nilitaka kuwaambia, nikaona wataniuliza nimejuaje.

Jumapili, 23 Machi

Sina nguvu ya kuandika. Ndoto kali. Nikigeuza shingo ghafla, kichwani kunapiga shoti, kama waya umegusana, halafu kimya. Jana nimemfokea mlinzi kwa sababu ya ufunguo, leo nimeenda kumwomba radhi nikashindwa kumaliza maneno. Nusu haitoshi. Nimefunga, nimeswali, nimeoga maji baridi. Shoti iko pale pale.

Malori ya kobalti 14 yadini. Mvua inayapiga maturubai.

Alhamisi, 27 Machi, Lubumbashi

Nimemwambia bosi naumwa tumbo. Kilomita 300 hivi, Fungurume, Likasi, gari dogo la abiria tisa tuliobanwa kumi na mmoja. Dereva kakataa noti yangu ya dola kwa sababu ya mchaniko usiozidi punje ya mchele.

Bafreri aliowataja mzee ni Mabruda wa Upendo, shirika la Ubelgiji, wenye kituo cha magonjwa ya akili hapa. Kituo kina jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19 aliyetaka wagonjwa wa akili watendewe kama wagonjwa. Nilitegemea kuta na geti. Nilichokuta kwenye benchi ni watu kama wa benki: mwanafunzi, mama na kikapu, baba mwenye viatu vilivyong'arishwa. Hakuna aliyenikalia mbali.

Daktari mwanamke, Kiswahili chake cha hapa na Kifaransa, changu cha Tanga, na katikati yetu karatasi yangu ya herufi kubwa. Hiyo alielewa mara moja. Maswali yake yalikuwa ya maana: umepunguza tangu lini, unalala saa ngapi, umewahi kufikiria kufa. Hapana. Sasa? Nikachelewa kujibu. Akaandika kitu, akaacha kalamu, akangoja mpaka nikasema yote. Sitayarudia hapa.

Kaniuliza nazuia malaria kwa njia gani. Neti tu. Kanionya nisiguse mefloquine hata nikipewa bure kambini. Mwenye sonona haimfai, inaweza kumvuruga akili. Hilo Tanga hawakuwahi kuniambia, pengine kwa sababu Tanga hatuimezi.

Sertraline mjini hakuwa na uhakika nayo. Fluoxetine ipo: iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo inayoagizwa zaidi. Miligramu 20, asubuhi. Hizo nusu niache leo, kesho nianze hii, nisizichanganye. Na ina faida moja kwa msafiri: inakaa mwilini siku nyingi, wiki kabisa, hivyo ukikosa siku moja mwili hauoni. Yangu ya zamani nusu yake hutoka kwa siku moja tu. Ndiyo maana ya shoti. "Si wewe uliye muzaifu, mama. Ni dawa ilitoka mbio."

Nimenunua duka la pili tu kutoka pale, boksi zima, cheti mkononi. Muuzaji hakuuliza ni ya nini. Nilitamani aulize.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekula biriani kwa Mhindi wa vipuri. Shoti mbili tu tangu asubuhi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepita kwa mzee kumpa habari. Yuko vile vile na uzi wake. Kafungua daftari mwenyewe bila kuombwa: mbele ya mwandiko wangu mistari minne. Mmoja wangu. Wa pili, kasema, Mchina wa kiwandani aliyekuja na picha kwenye simu. Wa tatu mama mmoja wa Manika, mgeni kutoka Goma, tangu mji ule uchukuliwe na waasi Januari hajalala. Wa nne hakunieleza, nami sikuuliza. Ameagiza boksi mbili, kwa majaribio, na atauza kwa ordonansi tu, yaani cheti cha daktari.

Kwa yule mama wa Goma nimemwachia jina la kituo cha Lubumbashi. Sijui nauli atatoa wapi. Hilo la nauli mzee hana dawa yake.

Ijumaa, 2 Mei

Kifurushi kimefika. Dereva ni yule mzee wa Korogwe anayeniita binti. Siku kumi na moja kakaa foleni Kasumbalesa. Kanikabidhi boksi limefungwa gundi ya karatasi, gundi juu ya gundi.

"Binti, hizi dawa zimenisumbua. Tunduma wameuliza, nikasema vitamini. Nakonde nikasema za presha, zangu. Kasumbalesa yule kijana mkali, nikamwambia vidonda vya tumbo, mpaka nikashika tumbo."

"Baba, mbona cheti kilikuwa ndani? Kimeandikwa kila kitu."

"Kile cha Kiingereza? Nikakiona, nikadhani risiti." Akanyamaza kidogo, akakuna shingo. "Kwani ni za nini?"

Madereva wengine watatu walikuwa pale, mmoja anabadilisha tairi. Niliona naweza kusema tumbo, na habari ingeishia hapo.

"Za sonona."

"Za nini?"

"Mawazo mengi yasiyokwisha, baba. Ni ugonjwa. Natumia mwaka wa tano."

Mwenye tairi aliacha kugonga. Mzee kanitazama, katazama boksi. "Na yanakwisha?"

"Yanapungua. Nafanya kazi, si unaniona?"

"Nakuona." Kisha kaniuliza gharama yake kwa mwezi Tanga ni kiasi gani, na kama lazima uende mwenyewe au unaweza kumtuma mtu. Nikamwambia mara ya kwanza lazima mwenyewe. Akaomba nimwandikie jina la dawa. Nikamwambia dawa atachagua daktari, nikamwandikia jina la hospitali na siku ya kliniki. Kakunja karatasi mara nne, kaitia kwenye kofia.

Nimehesabu usiku: 90 kamili, mwisho wa matumizi Agosti 2027. Nimeziweka kabatini bila kufungua. Daktari kasema nibaki na fluoxetine mpaka anione tena, tarehe 12 Juni.

Kobalti bado imefungwa.