Siku Tulipojiandikisha Katika Gofu

Labda mtatucheka, wasomaji wapenzi. Sisi ni watu wa Mahagi-Port, watu wa mitumbwi na nyavu, na ukubwani mwetu tumekwenda kujiandikisha katika mchezo wa gofu. Tu watatu: mwalimu wa shule, mchuuzi wa samaki, na mwenye pikipiki ya kuchukulia abiria. Majina yetu hatutayataja, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Neno lilianza kwa samaki. Mchuuzi wetu hupeleka sangara wakavu Arua, ng'ambo ya Uganda, na huko alipata urafiki na mzee mmoja mnunuzi wake. Mzee huyo katika ujana wake alikuwa akibeba mikoba ya wachezaji wa gofu, na leo yeye mwenyewe ni mchezaji. Alituambia, “Mvua za mwezi wa nne zikianza, majani yakiota tena, msimu wetu waanza. Njoni basi.”

Huku Kongo viwanja vya gofu ni vichache. Vinavyojulikana ni vya Kinshasa na Lubumbashi, na sisi tu mbali na Lubumbashi kuliko na Nairobi. Arua ndiko karibu. Kwa hiyo tuliweka akiba miezi mitano, franka kwa franka, na wake zetu walisema waliyosema. Haikuwa haki kuwakasirikia, kwa maana ada ya kilabu na karo ya watoto hutoka mfuko mmoja.

Wakati wa kungoja tulijifunza ufukoni. Tulichonga fimbo za mti, tukapiga ndimu. Tangu ziwa lilipojaa mwaka 2020 mchanga wetu umepungua, na ndimu nyingi zilikwenda majini. Wavuvi walituuliza kama tunafukuza nyoka.

Siku ilipofika tulipanda mlima mpaka Mahagi, tukavuka mpaka wa Goli, tukapita Nebbi. Mpaka hapo hatukuwa wageni, maana Waalur wako pande zote mbili, na salamu ni ile ile. Arua ni kwa Walugbara. Hapo Kiswahili kilitusaidia.

Mzee alitupokea vizuri mno. Alitueleza kwamba mchezo huu ni wa zamani. Huko Uskochi mfalme aliupiga marufuku mwaka 1457, kwa sababu vijana waliacha kujizoeza upinde. Mchezo mzima ni mashimo 18, na mshindi ni yule aliyepiga mara chache. Tena alituchekesha na habari ya Jinja, ambako zamani mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuinua bila adhabu. Sisi tunamjua kiboko. Tulimwuliza ni nani aliyekuwa akingoja mpaka kiboko aondoke, asijue la kujibu.

Lakini jambo lililotushangaza ni hili: hakuna mwamuzi. Hakuna mtu wa filimbi. Kila mtu huandika kadi ya mwenzake, kisha wote wawili hutia sahihi. Mgeni hurudisha kadi za mashimo 54 ili apewe handikapu yake, yaani mapigo anayopunguziwa katika hesabu, naye aliye dhaifu aweza kupewa hata 54. Mwalimu alifurahi sana. Alisema, “Huu ni mchezo wa watu wenye elimu.”

Basi tulicheza. Tuliyokosa hayahesabiki. Kwenye shimo la sita mpira wa mwalimu ulilala katika majani marefu. Mzee alikuwa mbali, akitafuta wa kwake. Mwalimu aliinua fimbo, akaishusha kwa nguvu zake zote, akapiga upepo. Mpira haukutikisika. Aliangalia huku na huku, akapiga tena, safari hii ukaenda. Shimo lilipokwisha mchuuzi, aliyeshika kadi yake, alimwuliza idadi. Mwalimu akajibu, “Saba.”

Zilikuwa nane. Kupiga upepo kwa nia ya kupiga mpira ni pigo, mzee alikuwa ametuambia asubuhi ile ile. Sisi wawili tuliona. Kijana aliyembebea mwalimu mkoba aliona pia, akatazama chini. Mchuuzi akaandika saba.

Mtasema, pigo moja ni nini? Nasi tulisema hivyo mioyoni, mashimo yote yaliyobaki. Lakini huyu ndiye anayefundisha watoto wetu, na mtoto akinakili jibu la jirani humwondoa darasani. Tena ni mkubwa wetu kwa umri. Nani angemwambia, tena mbele ya wageni? Mwishoni tuliketi chini ya mti, kadi mezani, kalamu ikapewa mchuuzi. Akaishika muda mrefu. Hata akasema kwa Kialur, polepole, “Mwalimu, mimi siwezi kutia jina langu hapa.”

Mzee wa Arua hakukijua Kialur, ila aliona nyuso zetu. Mwalimu alinyamaza. Kisha akaichukua kadi mwenyewe, akafuta saba, akaandika nane, akamweleza mzee sababu. Mzee hakumgombeza. Alicheka kidogo akasema, “Tena ulijiibia mwenyewe. Kadi ikionyesha mapigo machache, utapewa handikapu ndogo, na siku ya mashindano utakosa msaada.” Kumbe hesabu ile mwalimu hakuwa ameifikiri.

Njiani kurudi hakusema nasi neno mpaka Goli. Tulidhani urafiki umekwisha, na mchuuzi alijuta waziwazi. Kwenye kizuizi, tukingoja mhuri, mwalimu akauliza, “Yule kijana aliniona?” Tukamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akanunua ndizi za kuchoma, akatugawia.

Ada imekwisha kulipwa, na tumebakiwa na mashimo 36. Jioni twazidi kupiga ndimu ufukoni. Mwalimu sasa huhesabu kwa sauti kuu, hata zile anazopiga upepo, na watoto wa wavuvi huhesabu pamoja naye. Juzi walifika kumi na tisa, na ndimu ilikuwa bado pale pale.