Kabla hujachuja orodha ya wakulima, jua mstari mmoja ni nini

Mmezoea nikiandika kuhusu mahindi na viwavijeshi vamizi. Leo nazungumzia orodha ya wakulima kwenye kompyuta, maana nayo inagusa shamba.

Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, mkulima asiyesajiliwa hanunui kwa bei ya ruzuku. Kwa hiyo jina likipotea kwenye orodha, kuna shamba linakosa mbolea.

Hapa Kabuku mkulima mmoja anaweza kuwa na mahindi sehemu mbili, muhogo, na kipande cha mkonge au machungwa. Katika orodha ninayotunza, jina lake lipo mara moja kwenye jedwali la wakulima. Mashamba yake yapo kwenye jedwali la pili, kila shamba na mstari wake, na namba ya mkulima ndiyo inayoyaunganisha. Nikitaka "wakulima wa mahindi", kompyuta inatafuta kwanza kwenye mashamba, kisha inaniletea wenyewe. Hapo pana mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, majina kujirudia. Mwenye mashamba mawili ya mahindi anaweza kutokea mara mbili. Ukiona mistari 60, usiseme una wakulima 60. Ondoa marudio ndipo uhesabu.

Pili, masharti mawili. Ukichuja "mahindi" na "zaidi ya ekari 3", mwenye ekari 1 ya mahindi na ekari 5 za mkonge anaweza kupita, kwa sababu kila sharti limepata shamba lake. Hakikisha masharti yote yanapimwa kwenye shamba lile lile.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kichujio hakikuambii kimemwacha nani. Mkulima asiye na shamba kwenye jedwali la pili hatokei kabisa, si kwa mahindi wala kwa muhogo. Kwa hiyo kila msimu huchuja kinyume: naomba majina yasiyo na shamba hata moja, nayachapisha, natembea nayo kwa wenyeviti wa vitongoji.

Wengi humo ni wanaokodi, na akina mama wanaolima shamba lililoandikwa kwa jina la mume. Mama mmoja aliyekodi ekari moja na nusu aliniambia, "Bwana shamba, la kukodi nilijua halihesabiki." Tulilipima siku hiyo hiyo, tukaliandika.

Ndugu mkulima, ukikodi shamba, litaje unapoandikishwa. Nawe afisa mwenzangu, fanya uchujaji huo wa kinyume mapema, kabla ya masika. Mahindi yakishafika magotini bila mbolea, kusahihisha orodha hakumsaidii mtu msimu huo.