Matema: ziwa halisahau

Kama wewe na mwenzi wako mmechoka na wikiendi za baa na nyama choma, shukeni Matema. Kutoka Mbeya mjini mnapita Tukuyu kwenye chai na migomba, kisha mnateremkia Kyela. Mbele Ziwa Nyasa, pembeni Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mimi ningehamia kabisa!

Lakini jamani, ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700, na mto unaotoka ni mmoja tu, Shire, kule Malawi. Maji yake hayabadiliki haraka. Plastiki unayoacha leo, wajukuu wako wataikuta. Na alfajiri utaona kinamama wakichota maji palepale ulipoogelea jana.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, mimi huuliza: maji machafu ya hoteli yanaenda wapi? Halafu sabuni inabaki bafuni, ziwani naogelea tu. Chupa tupu narudi nazo mjini. Mbasa simng'ang'anii; hupanda mitoni kutaga mayai, na amepungua. Nakula samaki aliyepatikana siku hiyo.

Zawadi? Chungu cha Wakisi. Kinamama wa Ikombe wanakifinyanga kwa mikono, kinasafirishwa kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo. Hela inabaki hukohuko.

Na mwangalie mwenzi wako vizuri. Anayeokota takataka zake bila kuambiwa, huyo hata nyumbani anafaa kuishi naye.